Chuma Ndani ya Mfenesi

Kiwanda cha tajiri Mammadkoya kiko ukingoni mwa mto Kallai, mahali ambapo zamani magogo yalijaa majini kiasi kwamba paka aliweza kuvuka ng'ambo bila kulowa. Siku hizi magogo ni machache na paka wanapita darajani kama watu wengine. Viwanda vingi vya kupasua mbao vimefungwa, viwili vimekuwa kumbi za harusi. Cha Mammadkoya kimebaki, na waliokifanya kibaki ni watu wawili: Choyi, fundi mkuu wa msumeno wa mkanda, na Beeran, mwendesha kitoroli kinachobeba gogo kulipeleka kwenye meno. Walikuwa pamoja miaka ishirini na sita. Choyi alilisoma gogo, akainua kidole, Beeran akavuta wenzo. Hawakuhitaji kusemezana, jambo lililowafaa, maana mashine ile haimwachii mtu nafasi ya kusema.

Nje ya kiwanda Choyi alikuwa na kazi ya pili, isiyo na mshahara: kutoamini. Mtaani kwetu tuna maktaba yenye vitabu elfu nne. Nusu yake vinaeleza kwa nini mizimu haipo, na nusu nyingine ni hadithi za upelelezi zilizonyofoka kurasa za mwisho. Choyi aliimaliza ile nusu ya kwanza kabla hajaoa. Siku ya kupatwa kwa jua, watu wakiwa wamefunika vyungu na kujifungia ndani, yeye aliketi mbele ya hekalu na bakuli la uji wa mchele na pilipili, akala taratibu ili hata wenye macho mabovu waone. Waganga wa mapepo walikuwa wakibadilisha njia wakimwona. Mmoja aliacha uganga akafungua duka la simu, na Choyi alimhesabu huyo kama ushindi wake binafsi.

Hotuba yake iliyopendwa kuliko zote ilihusu mwanamke mmoja "ninayemjua", aliyechapwa bakora na waganga ili yakshi amtoke. Yakshi ni yule mwanamke wa kijini, mzuri kupita kiasi, anayewasimamisha wanaume njiani kuwaomba chokaa ya tambuu. Mwanamke wa hotuba hakuwa na yakshi. Alikuwa na kifafa. Alipelekwa hospitali kuu, akapewa vidonge, akatulia. Watu wakimuuliza Choyi ni mwanamke gani huyo, alijibu kwamba jina halina uzito katika sayansi.

Juni moja upepo wa mvua uliuangusha mfenesi wa nyumbani kwao Choyi. Ulikuwa mti mkubwa, shina lake futi tatu na zaidi kwa upana, mzee kuliko nyumba yenyewe. Kesho yake asubuhi Choyi alikuja maktaba akatangaza kwamba anautoa utengenezwe meza ya kusomea magazeti, meza ya ubao mmoja. Mwalimu Damodaran, mwenyekiti wetu, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Meza ya zamani ilikuwa ya mbao nne, na kwa kuwa magazeti yanayoletwa ni ya vyama vinne, kila chama kilikwisha kujimilikisha ubao wake. Mwalimu aliamini kwamba ubao mmoja ungetuunganisha. Alikuwa amefundisha historia miaka thelathini na bado aliamini mambo kama hayo.

Kikao cha kuamua gogo likapasuliwe wapi kilichukua muda mrefu kuliko vikao vya bajeti. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu. Msumeno wa duara wa seremala wa sokoni uliondolewa mapema: sahani yake haifiki hata nusu ya gogo lile. Ingebidi kupasua upande wa juu, kugeuza, kupasua upande wa chini, kisha kuomba njia mbili zikutane katikati, na maktaba yetu haina desturi ya kuomba. Ikabaki misumeno miwili. Mmoja ulikuwa wa Varkey, Mkristo wa kule milimani, mwenye msumeno wa mnyororo aliouvika fremu ya chuma ili uende sawa juu ya gogo. Mwingine ulikuwa wa Choyi.

"Ndugu zangu, hapa hakuna mjadala," Choyi alisema. "Mnyororo wa Varkey ukipita unakula unene wa kidole. Mkanda wangu unakula unene wa kucha. Kwake mtapata mbao tano, kwangu sita. Na za kwake utazipiga randa mpaka mjukuu wako aote ndevu."

Beeran hakuwa mwanachama. Alikuwa amekuja kwa ajili ya chai na ndizi za kukaanga, lakini aliinua mkono.

"Hilo la unene ni kweli," alisema. "Ila huu ni mti wa uani, Choyi. Mti wa msituni umeishi na nyani, mti wa uani umeishi na watu. Watu wanapigilia. Mara kamba ya nguo, mara bango la uchaguzi. Mnyororo ukigonga chuma unang'oka meno mawili, Varkey anatukana, ananoa, anaendelea. Mkanda ukigonga chuma…"

Hakumaliza. Wa viwandani wote tuliokuwa mle ndani tulijikuta tunatazama vikombe vyetu.

"Mti wa kwetu hauna chuma," Choyi alisema.

"Una hakika?"

"Nimezaliwa chini yake."

"Sikukuuliza ulizaliwa wapi, bwana. Nimeuliza kama kuna chuma."

Watu wakacheka. "Niazime ile fimbo ya kunusa chuma kule ng'ambo?" Beeran aliendelea. "Ile kama ya askari wa mlango wa mahakama. Dakika tano tu."

"Beeran, nani apigilie chuma kwenye mfenesi wetu? Kwetu ni bucha?"

"Wengine wanampigilia yakshi mtini, asitoke," Beeran alisema, akamung'unya ndizi yake.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa kuwa kumtajia Choyi yakshi ilikuwa sawa na kumtajia Baba Mtakatifu mkutano wa wachawi. Choyi alicheka kuliko wote. "Kwa wengine, ndiyo," alisema akifuta macho. "Kwetu, hapana."

"Haya," Beeran alisema. "Mimi ni wa kuvuta wenzo tu."

Nikaandika: *Imekubaliwa, msumeno wa mkanda.*

Sasa, msumari ulikuwemo. Choyi alijua ulikuwemo, alijua urefu wake, na alijua upande uliotazama.

Alipokuwa na miaka saba, mama yake mdogo, Chirutha, alikuwa akianguka. Alianguka jikoni, kisimani, mara moja alianguka kwenye harusi, na hilo la harusi ndilo lililomleta mganga. Saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, mganga alizungusha nywele za Chirutha kwenye msumari mrefu kama kiganja na kumfunga yakshi katika shina la mfenesi, upande unaotazama jiko, usawa wa kifua chake. Alipotaka kujipangusa jasho alimpa mtoto aliyekuwa karibu nyundo amshikie. Mtoto huyo alikuwa Choyi. Aliishika kwa mikono miwili, na alifurahi. Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na ule usingizi mzuri ndio ambao baadaye, baada ya vitabu vyote vile, hakuweza kuusamehe. Gome liliufunika msumari kwa miaka michache. Choyi aliufunika kwa miaka arobaini na minane.

Angeweza kusema sentensi moja: kuna msumari humo, uliwekwa na wajinga. Njiani kurudi nyumbani alijaribu kuisema, akaona kwamba wajinga wale lazima watajwe, na kwamba wa kwanza ni baba yake na wa mwisho ana nyundo mkononi. Akaamua kulimaliza jambo lile kwa ufundi. Angelilaza gogo kwa namna ambayo msumari utabaki ndani ya bamba nene la pembeni, lile linalotupwa, na mkanda upite mbali nao. Hesabu ilikuwa safi. Alichohitaji tu ni kumwuliza mama yake kama kumbukumbu hiyo ya utotoni ni sahihi, na hakumwuliza.

Gogo lilipofika kiwandani, kwenye uso uliokatwa kulikuwa na doa jeusi la samawati, kama wino uliomwagika. Utomvu wa mfenesi ukikaa na chuma hufanya hivyo.

"Hii nini?" Beeran aliuliza.

"Maji," Choyi alisema.

Alilizungusha gogo juu ya kitoroli mara tatu, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akalizungusha tena.

"Unalitafutia mchumba?" Beeran alisema. "Lilaze tu, si litakuwa meza!"

"Nyamaza, nafikiri."

"Miaka ishirini na sita hujawahi kufikiri hadharani namna hii. Kuna nini humo, Choyi? Niambie mimi, siwaambii wasomi wako."

Hii ilikuwa mara ya tatu kuulizwa. Tulikuwepo watu sita wa maktaba, tumevaa misuli myeupe kama tumekuja harusini, na pengine tusingekuwepo angejibu. Alitutazama, akainua kidole.

Ubao wa kwanza ulitoka laini, wa njano kama manjano ya jikoni, mpana kuliko mlango. Tulipiga makofi. Msumari ulikuwa umelala salama ndani ya bamba la pembeni, na Choyi, ambaye peke yake alijua kwamba kuna kitu kimekwepwa, alijiruhusu kutabasamu. Akainua kidole kwa ajili ya ubao wa pili.

Katikati ya gogo mashine ilibadilisha sauti. Ulisikika mlio mfupi, mwembamba, kama mtu aliyepiga kelele akazibwa mdomo. Kisha mkanda, mita nane za chuma cha pua chenye meno, ukakatika, ukaruka kutoka kwenye magurudumu yake, ukararua kinga ya bati na kumpata Beeran kwenye mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja. Choyi aliizima mashine. Beeran alikaa chini juu ya unga wa mbao, akautazama mkono wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yale maji, Choyi."

Nyuzi kumi na moja. Mfupa ulikuwa salama, lakini vidole viwili vya mwisho havikunji hadi leo.

Kwenye njia ya msumeno kilionekana kichwa cha chuma kilichokatwa, kinang'aa kama kimewekwa jana. Kilikuwa mbali sana na ule msumari wa Choyi.

Jioni alimkuta mama yake, bibi Maathu, mwenye miaka themanini na minne, anachambua mchele barazani.

"Umegonga wa ngapi?" mama aliuliza.

"Wa ngapi nini, mama?"

"Ni mitano. Mmoja ungemtosha Chirutha? Minne ilikwisha kupigiliwa, wewe ulikuwa shule. Ulirudi ukaukuta wa mwisho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na wewe si unasema mambo hayo hayapo? Nikadhani huenda umeitoa." Alipepeta ungo. "Nilikuonea huruma, mwanangu. Ulivyokuwa unawacheka watu."

Mambo yaliyofuata Choyi hakuyafanya yeye. Aliyaacha tu yafanyike. Mtaa ulikubaliana, bila kikao, kwamba yakshi ametoka. Madirisha yalifungwa mapema. Wanaume waliopita karibu na kiwanda walibeba kopo la chokaa, ili yakshi akiomba apewe, yaishe. Yule mganga wa duka la simu alianza tena kupokea wagonjwa, nyuma ya kaunta. Katika miaka yake yote Choyi hakuwahi kuwapa mizimu ushahidi mzuri namna hii.

Ila hilo halikuwa baya kuliko yote. Tajiri Mammadkoya alihitaji kosa liwe la mtu. Alisema msumari mdogo haukati mkanda kitoroli kikienda polepole, kwa hiyo mwendesha kitoroli alikimbiza, na mwendesha kitoroli mwenye mkono mmoja na haraka ni afadhali akapumzike nyumbani moja kwa moja. Alikuwa mtu wa haki, akataka kwanza asikie kwa fundi mkuu.

"Choyi, wewe ulikuwa mbele yake. Beeran alivuta haraka?"

"Sikuangalia," Choyi alisema.

Kwa siku tisa aliishi na neno hilo. Alienda hospitali kumwona Beeran mara mbili, akafika mpaka kwenye duka la matunda lililo mkabala na lango, akanunua machungwa, akarudi nayo nyumbani. Mama yake alikula machungwa mengi wiki ile.

Siku ya tisa Mwalimu Damodaran alimjia amejaa msisimko. "Kaka Choyi, hii ndiyo nafasi yetu! Watu wamerudi gizani. Jumapili utatoa hotuba. Nimeshachapisha bango." Bango lilisema, kwa herufi nyekundu: *Kwa Nini Mkanda Ulikatika: Jibu la Sayansi.*

Ukumbi haujawahi kujaa vile. Walikuja hata wale wasioingia maktaba, wanawake wazee kwa safu nzima, na kwenye kiti cha pembeni Beeran, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa amekwisha kupewa na tajiri barua ya kuachishwa kazi. Mwalimu alimkaribisha msemaji kwa maneno mengi yenye neno mwanga.

Choyi alisimama. Karatasi alikuwa nayo, hakuifungua.

"Mkanda ulikatika kwa sababu uligonga msumari," alisema. "Hilo ndilo jibu la sayansi."

Watu wakapiga makofi. Alingoja yaishe.

"Msumari uliwekwa na mganga, nyumbani kwetu, baba akiwa amesimama hapo. Nyundo nilishika mimi. Yule mwanamke ninayemjua, wa hotuba, ni Chirutha, mama yangu mdogo. Nilijua kuna chuma. Nilidhani ni kimoja, nikajaribu kukipita kimyakimya msije mkajua. Beeran aliniuliza mara tatu. Mara mbili mlikuwepo humu humu, mkacheka. Na tajiri aliniuliza kama Beeran alivuta haraka, nikasema sikuangalia." Alimgeukia Beeran. "Niliangalia. Hakuvuta haraka."

Mimi kalamu ilinigandia mkononi, maana sikujua katika kumbukumbu za maktaba jambo kama hili huandikwa chini ya kichwa gani.

Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, kwa upole kabisa, "Lakini hilo sisi tulilijua, mwanangu. Nazi za siku ile nilileta mimi."

"Na kamba alishika kaka yangu," mwingine alidakia. "Ila misumari ilikuwa saba."

"Mitano, wewe!"

"Saba! Ulikuwa umesimama wapi?"

Ikadhihirika kwamba karibu kila mwenye miaka zaidi ya sitini alikuwepo uani siku ile, au mama yake alikuwepo. Walikuwa wamezisikiliza hotuba zake miaka thelathini, wakamjua mwanamke ni nani, na hakuna aliyemkatiza, kwa adabu tu. Hakuna aliyemkaripia. Angekaripiwa angesimama vizuri zaidi. Alibaki pale jukwaani, mtu ambaye siri yake yeye peke yake aliidhani siri, na aliyefichwa kweli alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyeshika wenzo, huku mabibi wakihesabu misumari kwa vidole na Mwalimu akigonga kengele.

Beeran aliinuka akatoka. Choyi akamfuata barazani, nami nikawafuata, kwa kisingizio cha kufunga dirisha.

"Si ungesema msumari," Beeran alisema. "Sikutaka kujua nani kaupigilia, wala kwa nani. Msumari tu. Neno moja."

"Niliona haya."

"Kwa ajili ya hawa?" Ndani kulikuwa na mtu anayeapa kwa watoto wake kwamba ilikuwa saba. "Hata hawasikilizi, Choyi."

Msuli wake ulikuwa umelegea kiunoni. Kwa mkono mmoja alijaribu kuukunja na kuufunga, ukamponyoka. Choyi alinyoosha mikono kumsaidia. Beeran alirudi hatua moja nyuma, akanigeukia mimi, ambaye hatujawahi kuzoeana.

"Nifungie, bwana," alisema.

Nikamfungia. Choyi alisimama na mikono yake mbele, hajui aipeleke wapi, kisha akaishusha.

Jumatatu alimwambia tajiri maneno yale yale. Tajiri alijibu kwamba amekwisha kuyasikia kwa watu kumi na wawili, na kwamba barua imefutwa. Varkey alishuka kutoka milimani akalimalizia gogo kwa mnyororo wake. Alipoteza meno sehemu tatu, akawaita watakatifu wake wote kwa majina, akanoa, akaendelea. Meza ilitengenezwa kwa ubao wake mpana kuliko zote, ikatoka nzito na yenye mawimbi. Vyama vinne viliigawana ndani ya wiki moja kwa kufuata mawimbi hayo.

Beeran alirudi kazini baada ya miezi miwili na nusu, akavuta wenzo kwa mkono wa kushoto. Chai sasa anakunywa upande wa pili wa banda, na wapakiaji. Lakini kila gogo likipandishwa kwenye kitoroli, kabla hajagusa kitu, huita kwa sauti ambayo kiwanda kizima kinasikia:

"Choyi! Kuna ndugu yako humu?"

Wapakiaji hucheka kila mara, ingawa wameusikia mzaha huo mara mia. Choyi hacheki wala hakasiriki. Huchukua ile fimbo ya kunusa chuma, ambayo sasa kiwanda kina ya kwake, hulizunguka gogo lote, huinama chini yake, hugusa madoa kwa kidole, kisha husimama wima na kujibu. Mara nyingi husema hapana. Siku nyingine husema "Sijui", na gogo huwekwa kando kumsubiri Varkey. Neno hilo hulisema kwa sauti ndogo, na Beeran huinua mkono wake mbovu sikioni ili arudie, eti kwa sababu ya kelele, ilhali mashine bado haijawashwa.